Kumlea mbwa wa kulinda mbuzi na kuku shambani, tangu kijibwa mpaka aaminike

Maswali ni yale yale kila msimu. Mbwa anafukuza mbuzi, nifanyeje? Mbwa amekula kuku, nimuuze? Chanjo anachomwa lini? Je, ninunue mbwa wa kizungu? Mwongozo huu ni wa mwenye shamba la familia: mbuzi au kondoo wachache, kuku wanaozurura uani, nyumba yenye watoto, na mbwa mmoja au wawili.

Tuanze na swali la mwisho, maana ndilo linalokula pesa za watu. Mbwa wa kizungu humhitaji. Mbwa wetu wa kienyeji, wa kilo 15 hadi 20, anavumilia jua, hali chakula kingi, na analinda mifugo vizuri akilelewa ipasavyo. Botswana wafugaji wanatumia mbwa wao wa kienyeji kulinda mbuzi dhidi ya mbweha na duma, na kazi inafanyika. Kinachomfanya mbwa awe mlinzi wa mbuzi ni mahali alipokulia kati ya wiki ya 3 na ya 16. Katika muda huo anajifunza nani ni wa kwao. Akiumalizia jikoni na watoto, atawapenda watoto na mbuzi atawaona ni vitu vya kukimbizwa.

Jua pia mipaka yake. Mbwa mmoja hamwezi fisi, na chui humla mbwa. Kazi yake ni kunusa mapema, kubweka na kukuamsha. Zizi imara bado unalihitaji.

Vya kuandaa kabla hujamleta

- Kijibwa wa wiki 7 au 8. Usimchukue kabla ya hapo, maana kwa mama na ndugu zake ndiko anakojifunza kutouma kwa nguvu. Akishapita wiki 12 bila kuona mbuzi, kazi inakuwa ngumu maradufu.
- Mbuzi wa kukaa naye: watatu au wanne walioachishwa kunyonya, pamoja na jike mmoja mpole. Usiweke jike aliyezaa juzi, atampiga pembe. Beberu pia hapana.
- Kizuizi cha mita 3 kwa 3 ndani ya zizi, chenye kivuli. Kona moja izibwe kwa mbao au waya, na iachwe tundu la sentimita 25 hivi ambalo kijibwa anapita na mbuzi hapiti. Hapo ndipo atakapokula na kukimbilia akiogopa.
- Bakuli mbili nzito, ya maji na ya chakula. Familia nyingi za Kiislamu hufuga mbwa wa mifugo na wa shamba, jambo lililoruhusiwa, na mbwa anayelala zizini hawapi taabu ya najisi nyumbani. Bakuli zake ziwe zake peke yake na zisiingie jikoni.
- Mkanda wa shingoni unaopitisha vidole viwili, na kamba ya mita 5.
- Dawa ya minyoo ya mbwa, kadi ya chanjo, na namba ya simu ya daktari wa mifugo wa karibu.

Hatua ya 1: Chagua kijibwa

Mwone mama yake. Mama anayelala na mifugo bila kuisumbua ni dalili nzuri kuliko rangi au ukubwa wowote. Mama asiyekaribika, anayetaka kumrarua kila mtu, mwache.

Kisha mkague kijibwa mwenyewe. Ufizi uwe wa waridi. Ukiwa mweupe ana minyoo mingi au viroboto wamemnyonya damu. Tumbo lililojaa kama mpira huku mbavu zinaonekana ni minyoo pia, nayo inatibika. Macho yenye tongotongo la njano, pua inayotoa kamasi nzito, au kuharisha damu: usimchukue, na usichukue hata ndugu zake, kwa sababu distempa na parvo, magonjwa ya virusi yanayoua vijibwa, huambukiza kizazi kizima.

Mlaze chali mkononi kwa upole. Anayepapatika kidogo kisha akatulia ndiye. Anayeng'ata bila kukoma au anayetetemeka na kujikojolea atakusumbua. Dume au jike? Wote wanafanya kazi. Dume asiyehasiwa huzurura siku kadhaa kila jike la jirani likiwa kwenye joto, na zizi linabaki bila mlinzi.

Hatua ya 2: Wiki mbili za kwanza zizini

Mweke kwenye kizuizi chake siku ile ile anayofika. Usimlaze ndani ya nyumba "mpaka azoee". Kosa hili ndilo linaloharibu mbwa wengi wa mifugo, na hufanywa kwa huruma. Atalia usiku mbili tatu. Mwekee gunia kavu, hakikisha hanyeshewi, kisha mwache na harufu ya mbuzi.

Siku tatu za kwanza mbuzi wawe upande wa pili wa waya, wanusane. Kuanzia siku ya nne waingize pamoja kwa saa moja asubuhi na saa moja jioni, ukiwa umesimama hapo. Mbuzi akimsukuma kidogo kwa kichwa, mwache ajifunze adabu. Akimkandamiza ukutani, ingilia. Wiki ya pili wakae pamoja mchana kutwa, na usiku pia ukiona wanalala wamegusana.

Watoto wamletee chakula, wamshike dakika chache, wamzoee, basi. Asibebwe, asivishwe nguo, asikimbizane nao. Lakini asikae bila kuguswa na watu kabisa: mbwa usiyeweza kumshika hachanjiki wala hatibiki. Kila siku mguse masikio, fungua midomo, shika nyayo.

Hatua ya 3: Lishe

Makombo ya ugali peke yake hayamkuzi mbwa. Anashiba, lakini manyoya yanakuwa makavu, miguu inapinda, na akishaanza kwenda malishoni hana nguvu. Kinachokosekana ni protini na chokaa, na dagaa wakavu wana vyote viwili.

Kwa mbwa mzima wa kilo 18, kwa siku:
- unga wa dona gramu 200
- dagaa (omena) wakavu gramu 80, wasio na chumvi au waliooshwa
- mafuta ya kupikia kijiko kimoja cha chakula
- mchicha au sukuma wiki konzi moja

Pika uji mzito, tia dagaa na mboga dakika kumi kabla ya kuepua, poza, gawa mara mbili. Usitie chumvi wala kitunguu. Kitunguu huvunja chembe za damu za mbwa.

Kijibwa wa wiki 8 mwenye kilo tatu na nusu: unga gramu 80, dagaa waliosagwa gramu 50, yai moja lililochemshwa na mafuta kijiko cha chai, umgawie mara nne kwa siku. Kuanzia mwezi wa 4 mara tatu, kuanzia wa 6 mara mbili. Ongeza kiasi kila wiki anavyokua. Mbavu ziguswe kirahisi kwa mkono bila kuonekana kwa macho.

Vitu vitatu hapa havina mjadala.

Mahindi yenye ukungu, yale mnayoyatenga kwa sababu hayaliki, yasiende kwa mbwa. Sumukuvu humuua mbwa kwa kumharibu ini: anaacha kula, macho na ufizi vinakuwa njano, anatapika damu. Ni sumu ile ile iliyoua watu 125 Kenya mwaka 2004, wengi wao Makueni na Kitui.

Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Ifukieni.

Na siku ya kuchinja, mbwa asipewe maini, mapafu au vichwa vibichi. Yale malengelenge yenye maji kwenye ini na mapafu ya mbuzi yana mabuu ya tegu. Mbwa akiyala, tegu hukomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, na mtoto aliyemshika manyoya kisha akala bila kunawa anayameza. Miaka mingi baadaye mtu huyo anapasuliwa kwa uvimbe wa ini. Turkana na nchi ya Wamaasai wanaujua ugonjwa huu vizuri. Vichwa vibichi navyo hueneza tegu mwingine, yule anayemfanya mbuzi azunguke mahali pamoja kama kipofu. Chenye malengelenge kichome, au kizike shimo la kina ambalo mbwa hafukui. Kingine chemsha kwa saa nzima.

Hatua ya 4: Chanjo na minyoo

Fuata umri:

- Wiki ya 2, 4, 6 na 8: minyoo. Ukimpokea wiki ya 8 bila kumbukumbu, hesabu kwamba hajapewa.
- Wiki ya 8, 12 na 16: chanjo ya mchanganyiko (distempa, parvo na homa ya ini). Kati ya sindano hizi asipelekwe mnadani wala machinjioni.
- Miezi 3: kichaa cha mbwa. Rudia anapofikisha mwaka, kisha kila mwaka.
- Kila mwezi mpaka miezi 6: minyoo. Baada ya hapo kila miezi 3, kwa dawa yenye prazikwanteli, ambayo ndiyo inayoua tegu. Vidonge vingi vya mbwa ni kimoja kwa kilo 10. Soma pakiti na umpime kwanza.

Kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa ikifika kijijini kabla kijibwa hajatimiza miezi 3, mpeleke hivyo hivyo, kisha arudiwe akifikisha miezi hiyo. Kampeni nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Chanjo hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo ile iliyobebwa mfukoni kutoka dukani usiitegemee. Tunza kadi. Siku mbwa atakapomuuma mtu, ndicho kitu cha kwanza kitakachoulizwa.

Makosa ya duka la dawa za mifugo: kumpa mbwa albendazoli ya mbuzi, kumchoma ivamektini ya ng'ombe kwa kukisia, au kumchoma dawa ya nagana (ugonjwa unaoletwa na mbung'o) kwa dozi ya ndama. Ya mwisho ikizidi humharibu ubongo. Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu humtoboa tumbo na kuharibu figo.

Hatua ya 5: Kupe na viroboto

Kwa kupe, kumwosha kwa dawa ya amitrazi ndiyo njia ya bei nafuu. Soma asilimia kwenye chupa: ikiwa ni 12.5, changanya mililita 2 kwa lita moja ya maji. Vaa glavu, mloweshe mpaka ngozini, usisuuze, mkaushe kivulini, asijilambe mpaka akauke. Rudia kila wiki mbili msimu wa mvua. Asioshwe kijibwa wa chini ya miezi 4, mgonjwa, wala jike anayenyonyesha. Hao watoe kupe kwa mkono.

Gunia lake lianikwe juani kila wiki na libadilishwe kila mwezi. Viroboto wengi wako kwenye matandiko, si mwilini.

Hatua ya 6: Miezi 4 hadi 10, kipindi cha utundu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kumfunga mnyororo. Mbwa alikuwa mtulivu, ghafla anavuta masikio ya mbuzi, anakimbiza vitoto, anang'ata mikia. Ni mchezo wa umri wake, lakini mbuzi aliyekimbizwa anaweza kuvunjika mguu au kutoa mimba, na mbwa aliyeonja raha ya kukimbiza haachi mwenyewe.

1. Mkaripie papo hapo, kwa neno moja la ukali lile lile kila siku. Ukimkaripia dakika tano baadaye hajui kosa lake.
2. Mtenge na vitoto. Mweke na mbuzi wakubwa wasiokimbia. Mbuzi anayesimama na kumgeukia humfundisha haraka kuliko wewe.
3. Akirudia, mfungie kwenye mkanda kipande cha mti cha sentimita 40 kinachoning'inia usawa wa magoti. Akitembea hakimsumbui, akikimbia kinampiga miguu. Kivae mchana tu, ukiwa karibu, kwa wiki mbili au tatu.
4. Akilala katikati ya mbuzi au akiwalamba usoni, msifu kwa sauti ya chini. Usimwite aje kwako kupokea sifa, maana unamfundisha kuwaacha.

Usimpige. Mbwa anayepigwa mbele ya mbuzi anaanza kuwahusisha mbuzi na maumivu.

Hatua ya 7: Kuku

Mzoeze kuku akiwa bado mdogo kiasi kwamba tetea mwenye vifaranga anaweza kumfukuza. Pigo moja la mdomo puani lina faida kubwa. Akiwa mkubwa, mfunge kamba, kaa naye kuku wakila nafaka, mkatize kila anapokaza macho na kuinamisha kichwa. Kukaza macho ndio mwanzo. Ukisubiri aruke umechelewa.

Kuku aliyekufa usimtupe kwa mbwa na manyoya yake. Maganda ya mayai nayo yasagwe kabla ya kutupwa, kwa kuwa mbwa anayetafuna maganda hufuata kiota.

Hatua ya 8: Malishoni na usiku

Kuanzia mwezi wa 5 aende na mchungaji saa moja au mbili, kwa kamba. Kuanzia mwezi wa 9 anaweza kushinda huko. Mchungaji asimfundishe kuwinda sungura. Mbwa anayewinda anaacha kundi. Wakirudi, mpe chakula zizini, siyo mlangoni kwa nyumba.

Usiku awe huru ndani ya uzio. Mbwa anayefungwa mchana na usiku anakuwa mkali kwa kila kitu, halafu siku kamba ikikatika anamuuma mtoto wa jirani. Ukilazimika kumfunga, tumia waya uliovutwa kati ya nguzo mbili, kamba iteleze juu yake, na kivuli na maji viwe anapofikia. Kwenye chui, mlaze ndani ya zizi lililoezekwa.

Mhasi dume akiwa na miezi 8 hadi 12. Jike afungwe kizazi umri huo huo, kama hutaki vijibwa wanane usiojua utawapeleka wapi. Kumwachia mbwa zizi bila uangalizi kunasubiri mwaka mmoja na nusu hadi miwili.

Akikwama

*Mbuzi wanazaa na mbwa anawasumbua.* Mara ya kwanza mtenge kwa waya ili aone na kunusa. Zika kondo la nyuma. Mrudishe vitoto vikishaweza kusimama imara.

*Anabweka usiku kucha.* Kwanza nenda ukaangalie, mara nyingi kuna kitu. Ikiwa ni mazoea, pengine anakula mlo mmoja tu, au analala mahali anapoona barabara. Muhamishie upande wa zizi.

*Ana vijipu vyenye tundu katikati, na ndani kitu kinajongea.* Ni mabuu ya inzi. Paka mafuta ya mgando, subiri nusu saa, buu likitokeza kwa kukosa hewa likamue taratibu kwa vidole viwili. Likipasukia ndani, jeraha linaoza.

*Mkojo wa rangi ya kahawia, homa, ufizi mweupe.* Homa ya kupe. Daktari siku hiyo hiyo, kwani kesho huenda asiamke. Kutokwa damu puani nako mara nyingi ni ugonjwa mwingine wa kupe, na tiba yake ni doksisaiklini kwa wiki nne kamili; ukiikatisha anapopata nafuu, ugonjwa unarudi.

*Jicho limekuwa la bluu na anakonda, mko kwenye mbung'o.* Shuku nagana. Apimwe damu kabla ya sindano yoyote.

*Anatoa udenda mwingi, kama mfupa umemkwama kooni.* Usiingize mkono mdomoni. Taya iliyolegea, sauti iliyobadilika, kutembea ovyo, kuuma mawe na miti, au ukimya wa ghafla wa mbwa aliyekuwa mchangamfu, ni dalili za kichaa cha mbwa. Mfungie kwa mbali, ondoa watu na mifugo, mwite daktari wa mifugo. Akifa usimchune wala kumgusa bila glavu. Daktari ataamua kuhusu sampuli ya kichwa.

*Amemuuma mtu.* Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Usipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala kuweka jiwe, na jeraha lisishonwe haraka. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, chanjo ianze bila kungoja mbwa afe, na sindano zote zimaliziwe kwa tarehe zilizoandikwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, tiba hakuna. Mbwa akiwa mzima asiuawe: afungiwe peke yake siku 10 na aangaliwe, kwa sababu mbwa aliyekuwa na virusi kwenye mate siku alipouma ataugua ndani ya siku hizo. Na kama aliyeumwa ni ng'ombe au mbuzi, mtenge, usinywe maziwa yake wala kumchinja, na umwarifu afisa mifugo.